Kura ya Maharagwe

Nilijiandikisha katika darasa la maktaba ya Woolwich ili nijue namna Wagiriki wa kale walivyoiendesha miji yao. Jumanne kazi yangu ya ukalimani huwa haba, na nilikuwa nimechoka kukaa nyumbani nikibishana na televisheni. Mwalimu, bibi mstaafu mwenye sauti ya chini, alitumwagia maharagwe mezani, meupe na meusi. Alituambia Waathene hawakuuamini sana uchaguzi, kwa hiyo wajumbe mia tano wa baraza lao walipatikana kwa bahati nasibu. Nikaandika daftarini: baraza, walipiga kura.

Kisha akaeleza mkutano wa raia, ambako wanaume waliinua mikono kuikubali sheria au kuikataa. Nikaandika: mkutano, walipiga kura. Niliitazama mistari ile miwili. Kwa Kiingereza hivyo ni vitu viwili, kuchagua na kubahatisha. Kwetu ni neno moja.

Miezi miwili nyuma nilikuwa mkalimani wa mama mmoja wa Kivu katika rufaa yake ya kuomba hifadhi. Wanawake saba walikuwa wamejificha msituni, na mmoja alipaswa kushuka kuteka maji. Aliyeshuka ndiye pekee aliyepona.

"Tulipiga kura na maharagi," alimwambia jaji, "ikaniangukia miye."

Nami, kwa kujiamini kwangu, nikasema kwa Kiingereza kwamba wenzake walimchagua. Jaji akauliza nani alizihesabu kura hizo. Mama akashangaa.

"Hakuna wa kuhesabu. Kila mutu alikamata haragi yake."

Niliona aibu kwa niaba yake. Niseme kweli: nimesoma Kiswahili sanifu Morogoro, na hicho chake nilikidharau. Nilidhani yeye ndiye anayejichanganya.

Kumbe katika maelezo yake ya maandishi mkalimani mwingine alikuwa ameweka bahati nasibu. Juma lililopita nilikutana na mama huyo Peckham, dukani, kwenye unga wa muhogo. Akaniambia wamemkataa, eti hadithi yake imegeuka: karatasini bahati nasibu, mbele ya jaji uchaguzi. Nilimpa pole nikaenda zangu, na sijui nilikuwa na haraka ya nini.

Sikungoja darasa liishe. Nilipanda treni hadi Stratford, kwa mwanasheria wake, nikamkuta mama mwenyewe ameketi, bahasha mapajani. Nilikiri kila kitu, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Nilisema nitaandika, nitaapa, wanifukuze kazi wakitaka. Nilijichukia.

Mama hakunigombeza. Alinikamata mkono.

"Basi uwaambie sasa, dada. Weye ndiye unajua Kizungu."

Mwanasheria alipekua karatasi, akazipekua tena. Muda wa kukata rufaa nyingine ulikuwa umekwisha jana. Angeomba mahakama impokee mama akiwa amechelewa, lakini hakuwa na matumaini, na alitaka mama alijue hilo leo, bila kufichwa. Akanitazama mimi, maana hapakuwa na mkalimani mwingine chumbani.

Mama alikuwa bado ameushika mkono wangu, akisubiri. Nikamtafsiria yote, na safari hii sikukosea hata neno moja.