Dhahabu Alivyomwigiza Mkongo

Kama kuna jambo watu wa Utange, huku pwani, hawalifanyii ubahili, ni kumcheka mtu wa kuja anapoongea Kiswahili. Tumejimilikisha lugha hii kama shamba la babu, na kila apitaye tunamkagua anavyokanyaga. Fundi wa kazi hiyo alikuwa Dhahabu, mke wa Ziro, mama wa makamo aliyefua mashuka katika hoteli moja ya Shanzu. Kwa Wagiriama wenzake, hangani, yaani matangani, watu hulia mpaka wakachoka, kisha hutafutwa mtu wa kuwachekesha wafiwa ili wapate nguvu ya kulia tena. Mtu huyo alikuwa Dhahabu. Akisimama kuiga mhubiri wa bara, hata mjane hushika mbavu, na hakuna anayeona vibaya.

Jirani yake alikuwa Nsimire, mwanamke fundi cherehani kutoka Bukavu, Kongo. Walikuwa marafiki wa kweli, wala sisemi hivyo kwa kupamba. Jioni Dhahabu alihamia kibarazani kwa Nsimire, wakala mihogo na kupiga soga, na wateja wakawazunguka. Nsimire akifungua kinywa, kibaraza kizima kilicheka, naye akacheka pamoja nao.

Basi likaja kundi la watu wa filamu hapo Shanzu. Mwelekezi wao, binti wa Nairobi kwa jina Caroline, alikuwa akitafuta mwanamke wa kuigiza mama wa Kikongo aliyekimbia vita. Dhahabu alizipata habari hizo akiwa katikati ya mashuka, akaenda kujaribu bahati yake. Alimwiga Nsimire, na Caroline akapiga makofi. Kisha akamuuliza kama huko kwao yuko Mkongo wa kweli, maana angependa kumsikiliza naye kabla ya kuamua.

Dhahabu akajibu kwamba hayuko.

Aliutoa uongo huo bila hata kumeza mate, kwa sababu sehemu ile aliitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Ulianza kumwasha baadaye, siku ya kupiga picha, Caroline alipomwambia maneno ya karatasi ni makavu, aongeze yake. Yake hakuwa nayo. Akatoa yale aliyosimuliwa na Nsimire siku moja mlango ukiwa umefungwa: jinsi mama yake alivyochoka njiani, akaketi chini na kumwambia atangulie na watoto. Caroline akasema lafudhi haisikiki vizuri, aivute zaidi. Dhahabu akaivuta. Caroline angejuaje? Kwake kila Kiswahili kigeni kilikuwa kimoja.

Filamu ilipokwisha, ilionyeshwa kwenye ukuta wa kanisa la Utange Jumapili moja mchana. Nsimire alikuja amevaa kitenge chake kizuri, akaketi ubavuni mwa rafiki yake na kumshika mkono kwa fahari. Dhahabu alikuwa amemwambia tu kwamba ameigiza mgeni.

Mama yule wa kwenye filamu alipoanza kusimulia habari za njiani, watu wakaangua kicheko. Kwanza Dhahabu alifurahi. Alijiona kama yuko hangani, basi, na watu wake walikuwa wakimpa heshima yake. Kadiri mama yule alivyozidi kulia pale ukutani ndivyo walivyozidi kucheka, mpaka masimulizi yakafika pale mama yake Nsimire alipoketi chini kando ya barabara, na mtu wa nyuma akaomba kipande hicho kirudiwe. Hapo ndipo Dhahabu alipohisi mkono wa mwenzake unaondoka mkononi mwake. Alipogeuka, Nsimire alikuwa ameshainuka, anapita katikati ya magoti ya watu akiomba radhi kwa sauti ndogo, na wale waliomsikia wakacheka upya.

Aibu iliyomshika Dhahabu haikumwacha alale. Asubuhi alikwenda kibarazani na kusimama kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Alisema yote: kwamba aliiba habari za mama yake Nsimire, na kwamba alipoulizwa kama yuko Mkongo alimkana. Akaomba atukanwe. Matusi angeyaweza.

Nsimire alikuwa akipiga pindo. Alimaliza, akakata uzi kwa meno, ndipo akamtazama.

"Dada, wewe si mbaya peke yako," alisema polepole. "Tangu nilifika hapa, nikisema kitu, watu banacheka. Kila siku. Mimi nilizania banafurahi kuniona."

Akaja mteja, akaulizia sketi yake. Nsimire aliitoa kabatini, akamkabidhi kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa, asitamke neno. Mteja akangoja kidogo, akimtazama mdomoni, kisha akaenda zake. Na Dhahabu, ambaye miaka yote ile pale kibarazani ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka, hakuwa na pa kuuweka uso wake.