Kabla ya Kuwasha, Bima

Gari langu la kwanza nililinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifungasha kuondoka, na pamoja na funguo alinikabidhi kitabu cha maelekezo ya gari hilo. Alisema kila ninachohitaji kujua kimo humo. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, tena wa Kiswahili, mtu wa kuamini maandishi kuliko macho yake mwenyewe, kwa hiyo nilikifurahia kitabu kuliko gari. Gari lenyewe lilikuwa dogo, la rangi ya majivu, na lilikuwa limechoka kabla sijaligusa. Mke wangu, muuguzi katika hospitali ya Garissa, aliliita "mgonjwa wako".

Huo ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru na vita vya shifta, waasi wa Kisomali waliotaka jimbo lile lijitenge, vilikuwa vimetuzunguka. Sisi wawili tulikuwa wageni wa kutoka bara, tuliopelekwa huko na kazi. Wenyeji walikuwa wakisema "nakwenda Kenya" kila walipovuka daraja la mto Tana, na mwanzoni neno hilo lilinikera, kisha nikajikuta nalisema mimi mwenyewe. Kulikuwa na kafyu, kulikuwa na vizuizi, na hakuna gari lililoruhusiwa kwenda Thika peke yake. Magari yalikwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma. Lakini nikisema tuliishi vibaya nitakuwa mwongo. Tulikunywa chai ya maziwa ya ngamia, wanafunzi wangu walikuwa wepesi wa kukariri, na jioni joto likipungua tulikaa barazani tukibishana mambo ya kipuuzi kama watu waliooana juzi. Nilikuwa na raha.

Mke wangu alipokaribia kujifungua alikwenda kwao Thika. Akapata binti mwezi wa Aprili, na mimi nikaanza kuhesabu siku. Likizo ya Aprili nilijiunga na msafara na gari langu. Maili kumi tu baada ya daraja moshi wa buluu ukajaa nyuma yangu, taa ya oili ikawaka, injini ikachemka na gari likagoma. Msafara mzima ukasimama porini kwa ajili yangu. Afande aliyeuongoza hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia. Aliamuru nivutwe kurudi Garissa, na kabla msafara mwingine haujapatikana likizo ilikuwa imekwisha. Binti yangu nikawa nakutana naye kwenye picha tu.

Mwezi wa Julai ikaja barua. Mke wangu aliandika kwamba hospitali ya Garissa ilikuwa imemwekea nafasi yake hadi mwisho wa Agosti, na huko Thika pia walikuwa wakimtaka. "Nitarudi," aliandika, "lakini sitampandisha mtoto juu ya magunia ya lori. Njoo na gari. Usipokuja nitachukua kazi ya hapa, nawe utatufuata utakapopata uhamisho." Uhamisho wakati huo ulikuwa kitu cha kuota tu. Niliisoma barua mara tatu, nikatoka nje nikalitazama lile gari. Moyo uliniuma kweli.

Nikarudi kwenye kitabu. Kulikuwa na jedwali la oili: ya namba ishirini kwa majira ya baridi, ya thelathini kwa majira ya joto. Chini yake palikuwa na mstari kuhusu nchi za tropiki, lakini mchwa walikuwa wameula. Nikawaza kisomi. Julai na Agosti kwetu ni kipupwe, kipupwe ni baridi, kwa hiyo ishirini. Hiyo ndiyo niliyotia hata Aprili, nikihesabu mvua za masika kuwa baridi, na ndivyo ningeendelea kufanya, kama si dereva mmoja wa lori.

Dereva huyo alikuwa Msomali wa hapo hapo Garissa, mtu mzima mwenye ndevu zilizopakwa hina, aliyekuwa akipeleka sukari na nguo Mandera na Liboi kabla vita havijabana njia, na sasa akienda Thika na msafara. Lori lake aliliegesha karibu na nyumba za walimu. Mji mzima ulimwita adeer, yaani baba mdogo, nami nikamwita hivyo hivyo. Jioni moja alisimama akasikiliza injini yangu, akanusa hewa.

"Mwalim," alisema, "gari yako haitembei. Inabika."

Nilishazoea kwamba ulimi wake uligeuza p kuwa b na v kuwa f, kwa hiyo nilielewa kuwa gari langu linapika. Nikamletea kitabu, nikamwonyesha ile namba ishirini. Alikitazama kwa heshima, akakigeuza upande wa nyuma.

"Kitabu yako iliandikwa wabi?"

"Kitabu chako kiliandikwa wapi," nilisahihisha moyoni, kama nilivyokuwa nikisahihisha watoto darasani. Kwa mdomo nikajibu, "Ulaya."

"Basi. Huko hata mbwa anafaa koti. Hii oili ya ishirini, jua ya Garissa ikiibiga inakuwa maji. Inabanda juu, inaungua, ndiyo moshi. Na injini yako ni mzee, fyuma imelika, iko na nafasi kubwa ndani. Mzee anataka uji nzito. Weka arobaini." Kisha akainua kidole. "Na kila asubuhi, kabla ya kuwasha, bima. Bila bima usiende bahali."

Nilimshukuru sana. Uji mzito niliuelewa vizuri. Na bima pia nilidhani nimeielewa.

Kesho yake nilikwenda kwa karani aliyeuza bima kwenye pembe ya duka moja la vitambaa. Nikamwambia nataka bima kamili ya gari langu kwa safari ya Thika. Alinitazama kama anayetafuta homa usoni mwangu. Aliniuliza kama nimesikia kuna vita. Hakuna kampuni, alisema, ingekubali gari la kupita njia ile mwaka ule, labda nipate ile ndogo ya sheria ambayo tayari ninayo. Nikang'ang'ana. Nikamweleza kwamba mtu mwenye uzoefu wa barabara hizi amenisisitizia sana. Hatimaye, ili niondoke, akanipigia muhuri mpya kwenye karatasi ile ile ya zamani, nami nikaibandika kwenye kioo cha mbele kwa furaha.

Oili ya arobaini niliipata sokoni katika mkebe wa galoni. Niliilegeza nati ya chini, nikaimwaga ile nyepesi kwenye karai, nikafunga, nikamimina mkebe wote mpaka tone la mwisho. Ulikuwa mkebe mmoja na injini moja. Sikuona cha kufikiria hapo. Na kila asubuhi, kabla ya kuwasha, niliitazama karatasi yangu ya bima kwenye kioo. Ilikuwepo. Nikawasha.

Moshi uliotoka nilidhani ni mabaki ya ile oili nyepesi yakiungua. Siku mbili kabla ya msafara kulikuwa na ukaguzi pale darajani. Afande alinikumbuka. "Mwalimu, safari hii nikiona moshi, unabaki," alisema, na alisema kwa upole, lakini alikuwa na malori na watu wa kulinda. Nikawasha kwa kujiamini. Moshi uliotoka ulikuwa mara mbili ya ule wa Aprili. Uliwafunika askari wawili na mbuzi kadhaa waliokuwa wakipita. Afande alikohoa, akatoa orodha mfukoni, akalifuta gari langu.

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Nilimkasirikia adeer. Nilimkuta akitawadha kando ya lori, nikasubiri amalize sala, kwa kuwa hasira haikuwa imenimaliza adabu zote, kisha nikamwaga yote. Nikamwambia nimetia arobaini kama alivyosema, nimehangaikia bima kama alivyosema, na sasa mke wangu atabaki Thika na mtoto wangu atajifunza kutembea bila mimi.

"Umebima?" aliuliza.

"Nimekata bima, adeer. Ile pale kwenye kioo. Naitazama kila asubuhi."

Alikwenda akaitazama karatasi. Akanitazama mimi. Kisha akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwa shuka yake, akakirudisha, akakichomoa tena na kukiweka mbele ya pua yangu. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa urefu wa kidole.

"Hii," alisema, "ndiyo bima. Bima! Na-bi-ma oili, iko kidogo ama iko nyingi. Karatasi ya nini?"

Ikanichukua pumzi moja. Pima. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, pima. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, niliyekuwa nimesahihisha ngeli zake kimoyomoyo na kuelewa kila p yake na kila v yake, nilikwama kwenye neno moja kwa sababu safari hii makosa yake yalikuwa yameangukia neno jingine lililo sahihi. Nilijibwaga chini nikacheka mpaka machozi yakanitoka, naye akacheka ameshika magoti, akirudia "karatasi, wallahi, karatasi" kwa kila jirani aliyepita.

Tulipunguza oili jioni ile ile, kidogo kidogo, tukipima kila mara, mpaka ikatulia chini kidogo ya alama ya juu. Akanieleza kwamba injini ikijazwa kupita kiasi huirusha oili juu na kuiunguza, hata iwe nzito namna gani, na kwamba gari zee ni la kusikilizwa kila siku. Tukasafisha plagi zilizokuwa nyeusi. Asubuhi yake alikwenda nami darajani akamwomba afande alisikilize gari tena. Afande alizunguka nyuma akasimama na leso yake tayari puani. Akangoja. Akairudisha leso mfukoni na kuliandika gari langu upya.

Sitaeleza sana habari za Thika. Nilimpokea binti yangu mikononi, akanitapikia shati, nikaona nimepewa zawadi. Nilikaa wiki mbili, na kila asubuhi baba mkwe alinikuta nimeinama mbele ya boneti na kijiti mkononi. Gari lilikula oili, ndiyo, lakini lilikula kwa adabu.

Tuliporudi, mke wangu aliketi nyuma na mtoto, na nilikuwa nimeshamsimulia kisa cha bima mara mbili. Alicheka, lakini pale msafara ulipoingia sehemu ya vichaka alimvuta mtoto kifuani. Kuna magari yaliyokuwa yamekanyaga mabomu mwaka ule, na alikuwa amewauguza watu waliokuwemo. Kanuni tuliijua wote: tangu gari langu lilipogoma Aprili, afande alikuwa ameamuru kwamba gari likifa njiani abiria wapande lori na lenyewe liachwe pale pale. Niliendesha jicho moja kwenye taa ya oili. Haikuwaka.

"Lile lori nyuma yetu lina nini?" mke wangu aliuliza ghafla. "Limetugandama tangu Mwingi. Barabara yote hii na yeye anakula vumbi letu."

Nilitazama kwenye kioo. Lilikuwa la adeer. Lilikuwa na nguvu ya kutupita sote, na madereva wote waligombea nafasi za mbele, mbali na vumbi.

Darajani askari walitupungia mkono tupite, na yeye wakamteremsha. Wakamkagua mifuko, kofia, viatu, wakaamuru magunia yashushwe moja moja. Ndivyo alivyofanyiwa kila safari, kwenye daraja la mji alikozaliwa, na mimi mgeni nikipungiwa mkono. Sikushuka. Niliona aibu na bado sikushuka, nikijiambia mtoto amechoka. Aliyeshuka ni mke wangu. Alimpakata binti yetu, akachukua chupa ya chai, akaenda moja kwa moja kwenye lori, na hapo ndipo nikamfuata.

Adeer alikuwa mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kope. Alimtazama mtoto, akasema mashallah, akapokea chai kwa mikono miwili. Mlango wa lori ulikuwa wazi, na juu ya kiti, mahali ambapo abiria angekaa, kulikuwa na kamba nene ya katani, imekunjwa vizuri, na ncha yake moja imeshafungwa kitanzi.

"Hii kamba ni ya nini?" mke wangu akamuuliza.

"Ya gari ya mwalim. Ni mzee, inaweza kufa njiani. Nilikuwa nayo tangu siku ile ya kwenda."

"Lakini afande alisema gari likifa liachwe," nilisema.

Alimaliza chai, akampa mke wangu kikombe.

"Afande anasema kwa Kiswahili," akanijibu. "Na mimi, mwalim, Kiswahili sijui fizuri."

Niliinama nikaanza kumsaidia kupandisha magunia, na afande alipotuona akawaambia askari wake wawili nao waje kusaidia. Kesho yake mke wangu alirudi hospitalini. Mimi niliamka mapema, nikafungua boneti kabla hata ya chai, nikabima.