Sauti ya Mama kwenye Mashine Mbili

Mwezi uliopita nilirudi Mabanga, mtaa wetu wa zamani hapa Goma, kwa matanga. Mama jirani yetu wa zamani, yule aliyetoka vilima vya Masisi, alikuwa ametutoka. Nilikaa chini ya turubai na kikombe cha chai ya tangawizi, nikawa natazama ng'ambo ya barabara, pale nyumba yetu ilipokuwa. Leo kuna nyumba ya mbao ya watu wengine, imesimama juu ya jiwe jeusi la volkano, na msichana mmoja alikuwa anaanika nguo mlangoni. Hakujua, na angejuaje, kwamba chini ya miguu yake ziliungua mashine mbili za santuri ambazo papa, baba yetu, alizipenda kuliko kitu chochote chenye mota.

Papa alikuwa muuza maharagwe na vitunguu vya Butembo. Siku za kazi alinuka gunia. Lakini Jumapili, misa ikiisha, alivua koti, akavaa shati lake kuukuu, na meza ya kulia ikageuka meza ya ufundi. Wakati huo redio za kaseti zilikuwa zimeingia kila nyumba, na wenye mashine za santuri walizitupa au waliwapa watoto wachezee. Papa alikuwa na mbili. Moja ya kijivu, nyepesi, ilitoka kwenye shamba la kahawa ambalo mwenyewe alikuwa ameondoka nchini. Nyingine ya kahawia, nzito kama mfuko wa saruji, alipewa na mapadri waliokuwa wanasafisha stoo yao.

Zote zilikuwa za aina moja ya kale. Ukiinua sahani ya chuma inayobeba santuri, chini yake hukuti mkanda. Unakuta kigurudumu cha mpira, ukubwa wa biskuti. Mota ina kidole cha shaba, kidole kinazungusha kigurudumu, na kigurudumu kinasukuma ukingo wa sahani. Papa hakuzitaka kabisa mashine za mkanda. "Mukanda unabembeleza," alizoea kusema. "Kigurudumu kinasukuma." Alisema hivyo pia juu ya watu.

Sasa nikuambie kwa nini Jumapili zetu zilikwenda huko. Mama alifariki siku aliyomzaa mdogo wangu. Mimi nilikuwa na miaka saba. Alituachia picha moja ya arusi ambamo anatazama chini, vitenge vyake kwenye sanduku, na santuri ndogo. Kabla sijazaliwa, padri mmoja aliirekodi kwaya ya parokia, na upande wa pili wa santuri hiyo kuna ubeti ambao mama anauimba peke yake. Mama jirani alikuwa amesimama bega kwa bega naye siku hiyo kanisani. Hata alikuwa akituonyesha lile bega.

Kwenye mashine ya kijivu mama aliimba haraka, sauti juu, kama msichana anayekimbizwa. Kwenye ile ya kahawia aliimba kwa kujikokota, na chini ya sauti yake kulikuwa na kishindo, du, du, du, kama mtu anayetwanga sombe, majani ya muhogo, nyumba ya pili. Papa alikaa katikati ya mashine hizo mbili, mkono kwenye shavu, akihamisha santuri kutoka hapa kwenda pale. Mara anatikisa kichwa, mara ananitazama mimi.

"We unakumbuka, mama yangu?" aliniuliza, kwani ndivyo baba zetu wanavyowaita binti zao. "Njo hivi alikuwa anaimbaka?"

Nilimwambia hapana, sivyo alivyoimba. Nilikuwa nakumbuka mama akiniimbia huku akichambua maharagwe, sauti nzito kidogo, yenye joto. Haikuwa ile ya huku wala ile ya kule.

Basi alimwita mama jirani. Alikuja na kibuyu cha mashanza, yale maziwa ya mgando ya kwao Masisi, akaketi, akafunga macho. Papa aliweka sindano kwenye mashine ya kijivu.

"Hapana, papa. Hapa anaimba sawa mutoto."

Akahamisha.

"Na hapa anaimba sawa mugonjwa. Shoga yangu hakukuwa hivi." Akafungua macho, yamelowa. "Fanya juhudi, papa. Sauti ya mutu haina picha. Sisi tukifa, nani atajua?"

Papa alianza kazi. Ugonjwa wa mashine ya kijivu aliuona mapema. Kidole chake cha shaba kilikuwa kimetolewa kwenye mashine nyingine, kinene kuliko kinavyotakiwa, ndiyo maana sahani ilikimbia. Kutengeneza kingine kulihitaji mchonga vyuma, na Goma nzima hakumpata wa kumwamini. Ile ya kahawia ugonjwa wake ulikuwa mpira. Mapadri waliiacha miaka mingi stoo huku kigurudumu kimebanwa kwenye kidole. Mpira ulikauka, ukaingia kibonde mahali pamoja. Kila kibonde kilipofika kwenye kidole, du. Na mpira uliokauka unateleza, ndipo sahani inachoka.

Alijaribu kwanza na mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, akaukata na kuugundisha kuzunguka kile kigurudumu. Pale ulipoungana palileta kishindo kikubwa kuliko cha kwanza. Alijaribu mpira wa ndala, ukawa laini mno, ukasagika na kujaza vumbi la bluu. Siku moja akarudi kutoka sokoni akicheka peke yake, mkononi ana pete nene ya mpira iliyotoka kwenye pampu ya maji. Aliivalisha kigurudumu, akawasha mota, akashikilia msasa pembeni huku mpira unazunguka, polepole, siku nyingi, umeme ulipokuwepo. Nyumba ilijaa harufu ya mpira wa moto na mafuta ya cherehani. Mimi nilipika. Nilisonga fufu, nikakaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani, nikaweka kando makaa ya kesho. Nje chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma mizigo, zilipita zimejaa viazi, magurudumu yake ya mbao yakilia juu ya mawe. Mpaka leo nikisikia chukudu, pua yangu inatafuta ile harufu ya mpira.

Alipomaliza, alibandika kipande cha karatasi kwenye ukingo wa sahani, akahesabu mizunguko kwa saa yake ya mkononi, akahesabu tena. Ndipo akanituma kumwita mama jirani.

Tulikaa wanne: papa, mama jirani, mimi, na mdogo wangu ambaye sasa alikuwa ameanza shule. Kishindo hakikuwepo. Kwaya iliimba, ikanyamaza, halafu, kabla ya ubeti wa mama, tukasikia kitu ambacho hatukuwahi kukisikia kwenye mashine yoyote. Mama alivuta pumzi. Pumzi fupi, kama mtu anayetaka kukuita. Kisha akaimba.

Mama jirani alijifunika uso na kitenge chake. "Njo yeye," alisema, yaani ndiye. "Papa, njo yeye."

Mimi nilimjua mama yangu mara ile ile, kwa ngozi kabla ya masikio. Nilitaka ageuke anione nilivyokua.

Lakini mdogo wangu alisimama. Tangu akiwa mchanga papa alikuwa anamlaza kwa kumwekea ile mashine ya kijivu, na hakuwa na mama mwingine zaidi ya yule msichana wa sauti ya juu, anayekimbia.

"Uyu haiko mama!" alipiga kelele. "Mulimuondosha mama! Mumurudishe!"

Alilia mpaka akatapika. Mama jirani alimbeba mgongoni, mtoto mkubwa vile, akazunguka naye uani akimwimbia kwa Kihunde cha kwao. Papa alibaki ametazama meza. Jioni alichukua ile mashine ya kijivu, akaifuta vumbi, akamwekea mtoto santuri, na sauti ile ya kukimbia ikajaa nyumba. Mdogo wangu akalala mkono wake juu ya mashine.

Tangu siku hiyo papa hakutafuta tena mchonga vyuma. Mwaka mmoja fundi hodari alipatikana, akajitolea kabisa kuchonga kidole kipya, papa akamshukuru na kumwambia mashine haina tatizo. Kila Jumapili aliipiga santuri mara mbili, kwanza kwenye ya kahawia kwa ajili yangu, halafu kwenye ya kijivu kwa ajili ya mdogo wangu. Yeye alizisikiliza zote. Sikuwahi kumuuliza ni ipi aliyokuwa anaisikiliza kwa ajili yake mwenyewe.

Hivyo tulikua, watoto wa tumbo moja na mama wawili.

Kisha ukafika mwaka ule mlima wetu wa volkano ulipofunguka. Wewe mwenyeji unajua, sina haja ya kukueleza. Ilikuwa mchana, majivu yananyesha, watu wanakimbia na magodoro kichwani. Papa alitutoa mpaka barabarani, akatuunganisha na watu wa parokia waliokuwa wanavuka mpaka kwenda Gisenyi. Kisha akasimama.

"Mutangulie. Narudia santuri ya mama yenu."

Mdogo wangu, ambaye sasa alikuwa kijana wa sekondari, alitaka kumfuata. Papa alimkatalia kwa ukali ambao hatukuuzoea.

Tulimngoja upande wa pili, katikati ya watu waliokuwa wanaita majina ya watoto wao. Alifika giza linaingia. Shati lilikuwa na matundu ya cheche, soli za viatu zimeyeyuka. Mikono mitupu.

"Iko wapi?" mdogo wangu aliuliza.

"Nilisahau."

"Papa, ulirudia yeye tu. Ulisahau namna gani?"

"Nilisahau, mutoto wangu. Unisamehe."

Hakuwahi kuongeza neno. Mtaa wetu uliungua siku hiyo hiyo. Tulipanga nyumba mtaa wa Majengo, papa akarudi kwenye maharagwe yake, na sikumwona tena ameshika bisibisi. Jamaa walimletea mashine zao, akawaambia macho yamechoka. Mama jirani na watu wake walijenga upya Mabanga, juu ya jiwe. Kila tulipokutana naye alishika mikono ya papa kwa muda mrefu, nami nilidhani wanamlilia mama.

Mdogo wangu hakupiga kelele tena. Alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kubaya zaidi. Alihamia Butembo, akaoa huko. Simu alinipigia mimi, papa alimtumia salamu. Papa alipougua alikuja, akakaa kando ya kitanda kama mgeni anayengoja kuruhusiwa. Tulipomzika papa, alitupa udongo wake akaondoka siku hiyo hiyo. Aliniambia tu, mimi dada yake mkubwa, "Yaya, mutu anasahau funguo. Hasahau muke wake."

Nikamsindikiza mpaka kwenye gari la Butembo.

Basi pale kwenye matanga, binti wa mama jirani alikuja kuketi karibu nami. Amekuwa mtu mzima, ana mvi. Tulizungumza habari za zamani, mashanza, kwaya, na kishindo cha ile mashine. Kisha akasema, kama mtu anayesema jambo ambalo kila mtu analijua:

"Bila papa yenu, koko wetu angeungua mule."

Nikamuuliza, koko yupi?

Alinishangaa. "Yule mama ya mama yetu, kiwete. Siku ya mlima tulikuwa tunamuvuta kwa mukeka, mama na mimi, tulishindwa. Papa yenu alikuwa amefika kwa mulango wenu, funguo kwa mukono. Akatuona. Alimubeba mugongoni mpaka kwa kamyo iliyokuwa inaenda Sake. Tulipogeuka, nyumba yenu ilikuwa inawaka." Akavuta kitenge chake mabegani. "Mama alisema kila mara, huyu mwanaume aliniachia mama yangu. Tulifikiri mulijua."

Chai ilipoa mkononi mwangu.

Nimefikiri sana kwa nini hakusema. Nadhani hakutaka mwanawe aanze kumpima yule bibi kizee na mama yake, kila akimwona amekaa juani mlangoni. Alichagua yeye ndiye apimwe.

Nilimpigia mdogo wangu asubuhi iliyofuata. Nilimweleza yote, polepole. Nilisikia pikipiki za Butembo zikipita nyuma yake.

"Koko ule," aliuliza mwishowe, "aliishi sana kisha?"

"Sana. Aliona hata watoto wa wajukuu wake."

"Ni vizuri," alisema. "Ni vizuri, Yaya." Halafu akaniuliza: "Sasa mimi nitamwambia papa wapi?"

Tulilia kila mtu upande wake, mpaka simu ikazima.

Siku hizi naona vijana wanasikiliza muziki kwenye simu zao, nyimbo haziongezi mwendo wala hazipunguzi, na sina neno nao. Lakini mtaa ule umekwisha, na Jumapili zile zimekwisha. Papa hayupo, na mama jirani, aliyeweza kufunga macho na kusema "njo yeye," tumemzika. Mdogo wangu bado anaye mama yake anayekimbia, hakuna wa kumnyang'anya. Kwa yule mwingine nimebaki mimi tu. Ninapochambua maharagwe namtafuta, namwita ile sauti nzito yenye joto, naye anakuja. Ila mimi sasa ni mkubwa kuliko alivyokuwa yeye, na kila mwaka sauti inayokuja inazidi kufanana na yangu.