Kidole cha Dobi

Kila dobi ana kipimo chake. Kuna wanaodondoshea pasi tone la maji, kuna wanaoisogeza shavuni kama wanataka kuibusu. Huyu wetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Pasi, alikuwa akilamba ncha ya kidole cha shahada na kuigusa pasi ya mkaa kwa chini, tss! Basi. Alishajua hii ni ya pamba, hii ya hariri, na hii ni ya kumrudishia mtu shati lina dirisha mgongoni. Hakuwahi kuunguza nguo ya mtu, na hilo alilitaja mara nyingi kuliko alivyosema "karibu".

Ndiyo maana muuguzi wa wodi ya saratani alipomwambia anunue kipimajoto, alicheka mpaka mrija wa dripu ukatikisika.

"Sista, mimi dobi. Joto nalijua kwa kidole."

"Baba, nisikilize. Dawa hii inapigana na saratani ya utumbo wako, lakini njiani inapita na askari wa damu yako pia. Ukipata homa wakati huo, huna wa kukupigania. Ikifika thelathini na nane, usimeze kidonge ukalala. Njoo saa hiyo hiyo. Homa yako si homa ya watu."

"Kumbe hata homa yangu ina cheo!"

"Ina cheo, ndiyo. Na vidole je? Vinakufa ganzi?"

Kicheko kikamkauka. Vidole vilianza kulala tangu dripu za mwanzo. Yeye aliyenyoosha mashati ya wanaume wa mtaa mzima, sasa kufunga vifungo vya shati lake ilikuwa shughuli ya kuombea dua. Lakini kwenye benchi la kusubiri aliwahi kumsikia mgonjwa mwenzake akisema ukitaja ganzi tu, daktari anapunguza dawa. Na kwake, kupunguziwa dawa kulikuwa sawa na kuambiwa akachague sanda, halafu aipige pasi mwenyewe.

"Vizima kabisa," alijibu. "Lete nguo uone."

Alikaa peke yake. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, na upande wake wa kitanda siku hizi ulilaliwa na nguo za wateja, zimekunjwa vizuri, hazikoromi. Binti yao aliolewa mbali. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili.

"Baba, unaendeleaje?"

"Salama, mwanangu."

"Unakula?"

"Kama kinu."

Simu ikikatwa, chumba kilikuwa kimya kuliko kabla haijalia. Hospitali ilimwambia aepuke misongamano. Alipogeuka, msongamano wenyewe ulikuwa umeshamwepuka. Wateja waliacha nguo mlangoni na kupiga hodi wakiwa tayari wamegeuza mgongo. Aliyebaki kumsemesha ni Gundi, fundi viatu wa ng'ambo ya uchochoro, naye maneno yake aliyarusha akiwa kwake.

"Mzee Pasi! Bado upo?"

"Nipo. Nasubiri utangulie, nikunyooshee suti."

Asubuhi moja alilamba kidole, akaigusa pasi. Hakuhisi kitu. Akaona mkaa haujashika vizuri, akaongeza kiganja, akabonyeza. Kilichomshtua hakikuwa maumivu. Ilikuwa harufu. Moyo ukamlipuka: nguo ya mteja! Akalikagua shati mbele na nyuma, likawa jeupe, halina doa. Ndipo alipogeuza mkono wake.

Aliufunga kitambaa, akaendelea kwa mkono wa pili. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, meza?

Siku chache baadaye, jua likiwa utosini, alianza kutetemeka. Bati linawaka juu, jiko la mkaa linawaka mbele, na yeye katikati meno yanagongana. Akaweka mkono kwenye paji la uso. Halikuwa moto. Halikuwa baridi pia. Akaweka wa pili, ikawa vilevile. Akautazama mkono ule wenye kitambaa. Ndio uliosema pasi ya mkaa haijapata moto.

Mezani palikuwa na vidonge vya maumivu. Angemeza, alale. Akienda hospitali wataufungua mkono, watauliza, atajibu, watapunguza dawa, na saratani itakaa kitako kama mwenye nyumba. Alichohitaji kwanza kilikuwa kitu cha bure kabisa: kiganja cha mtu. Marehemu mkewe alikuwa akimgusa paji kwa mgongo wa mkono hata bila kuombwa, huku akigombana na sufuria. Sasa nyumba ilijaa nguo za watu, na mtu hamna.

Akajikokota mpaka mlangoni.

"Gundi!"

"Nini? Umekufa?"

"Njoo uniguse."

Nyundo ilisimama hewani. "Nikufanyeje?"

"Paji la uso. Niambie kama lina moto. Mkono wangu hausemi kweli."

Gundi aliitazama mikono yake iliyojaa gundi, akaifuta kwenye aproni, akavuka uchochoro. Aligusa, akauondoa mkono upesi.

"Mzee, leo ungepiga pasi kwa kichwa!" Halafu akakiona kitambaa. "Na hiki nini?"

"Nilipima pasi kwa kidole."

"Kidole kimoja hakivunji chawa, wewe unataka kikutibu saratani! Twende."

Walikwenda kwa bodaboda, Gundi nyuma amemkumbatia asidondoke. Kipimajoto kilivuka thelathini na tisa. Walimtoa damu, na antibiotiki ikaingia mshipani kabla hajamaliza kujieleza. Muuguzi alipofungua kitambaa, lengelenge lilikuwa limepasuka na wekundu umepanda hadi kifundo cha mkono.

"Ganzi hii tangu lini?"

"Tangu dripu za mwanzo."

"Ukaniambia nilete nguo."

"Niliogopa mtanipunguzia dawa."

Hakumfokea. Afadhali angemfokea. "Daktari ataipunguza, ndiyo, au aibadilishe. Lakini ni ili uifikishe mwisho, baba. Ulivyokuwa unakwenda, ungekwisha wewe kabla yake."

Wakamweka chumba cha peke yake, mlango umefungwa, wageni marufuku mpaka askari wa damu warudi. Gundi alisimama nje ya kioo akipayuka neno lisilopita, akapunga, akaondoka. Binti alipopiga simu, baba mtu akasema, "Si salama, mwanangu." Kilio kilichofuata kilikuwa cha mbali sana, kama redio ya jirani.

Baada ya hapo ikawa ni yeye, ukuta, na dripu inayodondoka.

Muuguzi alirudi kupima. Kipimajoto kikalia.

"Thelathini na saba. Homa imeshuka." Akageuka kuondoka.

"Sista. Na mkono?"

"Mkono gani?"

"Wako. Weka hapa."

"Baba, kipimo kimeshasema."

"Nimekisikia. Weka tu."

Akauweka juu ya paji, mkono wenye glavu, mpira mwembamba unaonuka dawa. Mzee Pasi akafumba macho.

"Enhe," akasema. "Linafaa pamba au hariri?"

Muuguzi hakuuondoa mkono upesi.