Mzee Niliyempigania Katika Wodi Mpya

Nichekeni tu, lakini hasira yangu ilikuwa ya haki. Juzi nilimpelekea dada yangu uji hospitalini, nikapita mbele ya wodi mpya. Ndani, mzee wa mvi amelala kitandani, anakoroma kama anayekata roho. Manesi wanamkimbiza chumba cha upasuaji, kitanda kikakwama mlangoni. Daktari akatazama saa, akasema taratibu, "Mrudisheni, tuanze upya."

Tuanze upya! Nikaingia bila hodi.

"Nyie hamna wazazi? Mzee wa watu anakufa, mnamfanyia mchezo?"

Daktari akataka kusema, nikamnyooshea kidole. "Nyamaza! Chang'ombe nzima itajua!" Nikakivuta kitanda kwa nguvu zote, chupa niliyoshika ikafunguka, uji ukammwagikia mzee kifuani.

Nikapiga magoti, machozi yananitoka. "Shikamoo, baba. Usiogope, nipo."

Kukoroma kukakoma.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia kwa sauti nzima. "Mimi ni dereva wa hapa, naigiza tu. Tunajaribu kama kitanda kinapita, ili mgonjwa wa kweli asije akaumia. Mpaka sasa aliyeniumiza ni wewe na uji wako wa moto."