Aliomba Aandikwe Pamoja Nami

Asubuhi ile Marita alikuwa ananicheka. Mimi ni mtu wa Kibabi, wa milimani, niliyekulia kwenye maharagwe. Yeye ni wa Kibua, binti wa mwindaji, na tangu padri atufungishe ndoa tulikaa kwao, naye alikuwa ananifundisha kula vya msituni.

"Mutu mukubwa anaogopa konokono!" alisema, akigeuza sufuria. Tumbo lake lilikuwa limeanza kumzuia kuinama.

Wakati ule Wazungu walikuwa wanapigana vita yao ng'ambo, na Leta, serikali yao, ilitaka utomvu wa mpira. Kila mwanaume aliingia msituni kuutafuta. Aliyeleta kidogo alichapwa. Watu walichoka. Kijiji cha jirani kilikataa, vijana wakashika mikuki, wakamuua askari mmoja. Habari ilipotufikia, baba mkwe wangu alisema neno moja tu: "Watakuja."

Walikuja siku hiyohiyo, jua likiwa utosini.

Bunduki zililia upande wa mto. Nilimshika Marita mkono.

Tulikimbia.

Nyuma yetu nyumba ziliwaka.

Tulikaa msituni siku kumi na moja bila kuwasha moto, maana moshi ungetufichua. Mvua haikukoma. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, mwanaume. Nilimbatiza mwenyewe, nikamwita Petro. Aliishi mpaka jioni. Nilichimba kwa panga, Marita akamfunga katika kitenge chake, akabaki amevaa shati yangu.

Kesho yake askari walitukuta. Sikuwa nimeshika mkuki, lakini mwanaume yeyote aliyekutwa msituni alihesabiwa mwasi. Walitufunga kamba shingoni, mimi na wengine, tukatembea mpaka Masisi. Marita alifuata nyuma, bado anatoka damu.

Buroni, ofisini kwa Leta, karani alisoma majina ya watakaopelekwa mbali. Kisha akamwangalia Marita.

"Mama, wewe hauna kosa. Rudia kwenu."

"Kwetu kuliungua. Andika na miye."

"Hakuna mutu anajua siku ya kurudi."

"Marita," nilimwambia, "rudia kwa mama yako."

Alimgeukia karani. "Mbele ya Mungu nilisema nini? Papa, andika."

Tulikaa huko mbali tulikopelekwa miaka tisa, kwenye udongo mkavu usiokubali ndizi. Watoto watatu walizaliwa kule. Aliwatajia majina ya mito ya Kibua ili wasiwe wageni siku wakirudi. Mama yake alifariki bila kumwona tena. Siku habari ilipofika, nilimuuliza kama anajuta. Alichekecha unga mpaka ukaisha, ndipo akajibu: "Ninalilia mama yangu. Kukufuata, hapana."

Tulipoachiliwa tulirudi Kibabi, tukalima, tukazeeka. Alifariki kwa homa, kitandani mwake, watoto wakiwa wamemzunguka. Waliokuja kwenye kilio waliniambia nimshukuru Mungu kwa miaka mingi aliyonipa naye, na ninamshukuru kweli. Vita ilituchukulia mtoto, na nyumba, na ujana wetu karibu wote. Karani yule angekataa kuandika, ingenichukulia na Marita.

Kanisani kwetu wanaume wanakaa upande wao, wamama upande wao. Misa ikiisha ninatoka mapema, ninasimama mlangoni kama nilivyozoea kumngoja. Wamama wanapita, wananisalimia, ninaitikia. Ninajua hayumo kati yao. Hata hivyo ninangoja mpaka wa mwisho apite.