Siagi Shingoni mwa Mama

Juzi, katika hospitali moja mjini Moshi, nilimwona mtaalamu wa tiba ya viungo akimkanda karani mabega, akimweleza kwamba wasiwasi wa muda mrefu hukaza misuli. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni kule Machame, baba akiwa vitani na barua zake zimekoma.

Mama alikuwa halali usiku. Shangazi, dada yake baba, alimketisha kwenye kigoda, akayeyusha siagi na kuanza kumkanda shingo. Nyumba ilinukia siagi, moshi na ng'ombe.

"Legeza mabega, wifi. Hujabeba mkungu hapa."

Mama alicheka kidogo, kisha akalia kwa sauti. Nilidhani anaumizwa, nikamvuta Shangazi kanga ili amwache.

"Nikimwacha sasa, leo tena hatalala," alisema, mikono ikiendelea.

Baadaye mama alijilaza. Jua lilikuwa bado juu na ng'ombe hawajapewa majani. Sikuwahi kumwona mwanamke wa kwetu amelala saa hiyo, nikaamini amekufa. Nilipiga kelele.

Shangazi alinifumba mdomo kwa kiganja chenye siagi. "Nyamaza wewe! Sikiliza."

Mama alikuwa anakoroma. Shangazi akachukua mundu, akanipa kamba, tukaenda kumkatia mama majani ya ng'ombe.